Alama ya Saba

Kila mwaka mwezi wa Mei, vijana wa miaka 16 na 17 huketi kufanya mtihani ambao wenyewe huuita APUSH. Ni mtihani wa historia ya Marekani wa kiwango cha juu, unaotungwa na College Board, na ukiupita vizuri vyuo vingi vya huko hukuhesabia kama umeshamaliza kozi moja ya mwaka wa kwanza. Hufanywa Texas, hufanywa Ohio, na hufanywa hapa Nairobi pia, katika shule chache za kimataifa ambazo ukipita nje unaona tu ukuta, geti na basi lenye viti vya mikanda.

Mtihani huchukua saa 3 na dakika 15. Kuna maswali 55 ya kuchagua jibu, maswali matatu ya majibu mafupi, insha moja ya nyaraka na insha moja ya kawaida. Hiyo ya nyaraka ndiyo inayowanyima watu usingizi. Unapewa nyaraka saba: barua, hotuba, katuni ya gazeti, pengine ramani. Unapewa saa moja. Unasahihishwa kwa alama saba.

Alama sita za kwanza zinaeleweka hata ukimweleza makanga. Moja ni ya dai: sema unachoamini kilitokea, na kwa nini. Moja ni ya muktadha. Tatu ni za ushahidi. Moja ni ya kuuliza waraka maswali ya mtaani: nani amesema, anamwambia nani, na anatafuta nini? Halafu iko ya saba. Hiyo hupewa mwanafunzi aliyeonyesha kwamba jambo lina pande nyingi, kwamba sababu zinagongana, kwamba jibu si jepesi. Kwa Kiswahili nimezoea kuiita alama ya utata.

Swali langu ni moja tu. Huo utata tunaoutuza ni fadhila, au ni mahali pa kujificha?

Nauliza kwa sababu unanilisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu baada ya karo kushinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kalamu: naandika vya watu, nahariri vya watu, na jioni mbili kwa wiki napanda mathree ya 46 pale tao, nashuka Valley Arcade, natembea hadi nyumba moja Lavington kufundisha historia ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Mlinzi wa hapo ananiita "mwalimu". Mwanafunzi wangu pia. Ana miaka 17 na ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi umri huo. Vitabu vyangu vya kwanza vya APUSH nilivipata Inama Bookshop, yaani pale chini kwenye lami ambapo ukitaka kusoma jina la kitabu ni lazima uiname. Vilikuwa na jina la mtoto mwingine limeandikwa ndani kwa kalamu ya rangi ya pinki.

Sisi tuliosoma 8-4-4 tulifundishwa historia ya namna nyingine. Karatasi ya KCSE, 311/1 na 311/2, inapenda hesabu. Taja sababu tano. Eleza matokeo sita. Sababu tano za Maji Maji kushindwa, unazipanga kama nyanya kwenye meza ya mama mboga, na mtahini anapitisha kalamu nyekundu: tiki, tiki, tiki. Sababu ya tano ina alama sawa na ya kwanza. Hakuna anayekuuliza ipi ilikuwa nzito zaidi, wala nani alaumiwe. Nilipoona mara ya kwanza mtihani unaomlazimisha mtoto kutoa dai lake mwenyewe na kulitetea, niliona wivu. Nilisema, kumbe hivi ndivyo wenzetu wanavyofunzwa kufikiri.

Bado naamini hivyo, kwa sehemu kubwa. Ila baada ya wiki kadhaa niligundua kitu. Alama ya saba ina njia ya mkato, na kila mwanafunzi anaijua. Unaandika dai lako, unatoa ushahidi, halafu karibu na mwisho unaingiza "hata hivyo" moja kubwa. Upanuzi kuelekea magharibi uliwaangamiza watu asilia; hata hivyo ulifungua nafasi kwa wahamiaji maskini. Viwanda viliwanyonya wafanyakazi. Hata hivyo vilishusha bei ya bidhaa. Sentensi yenyewe si ya uongo. Lakini ukiisoma mara ya pili unahisi kuna mtu ametoka chumbani kimyakimya, na mlango umefungwa nyuma yake.

Ebu tuanze na mfano ambao hauumizi sana. Theodore Roosevelt alikuwa rais wa Marekani kuanzia 1901 hadi 1909, na kwenye APUSH anasifiwa kama mhifadhi: misitu ya taifa, mbuga, maeneo ya ndege. Sawa. Lakini Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka ikulu, alishuka Mombasa na kupanda reli kuja bara. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi zaidi ya 200. Mingi ya ile mizoga ilienda kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Alipokuwa huku alikaribishwa Juja na Mmarekani mwenzake, tajiri William Northrup McMillan. Ndiyo, huyo huyo. Maktaba yenye simba wawili wa mawe mlangoni, pale Banda Street karibu na Msikiti wa Jamia, ilijengwa na mjane wake kwa kumbukumbu yake. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Mwanafunzi wangu alipojua hayo alitaka kuandika: "Roosevelt alikuwa mnafiki." Hilo ni dai, si baya. Lakini tulipokaa nalo tukaona kuna kubwa zaidi. Labda hakukuwa na unafiki wowote kichwani mwake. Labda kuhifadhi na kuwinda vilikuwa kitu kimoja: mwitu unalindwa ili watu wa aina fulani wauone, wauwinde na kuuandikia vitabu, na wenyeji wanaowinda ili wale waitwe majangili. Huo ndio utata ninaoupenda. Ukiumaliza, hesabu ya watu kwenye insha imeongezeka. Wapagazi wameingia. Mwindaji aliyegeuzwa mhalifu ameingia. Na Roosevelt hajatoka. Bado ameketi pale pale akijibu.

Sasa mfano wa pili. Thomas Jefferson aliandika Azimio la Uhuru la 1776, lile linalosema watu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Kila mwanafunzi wa APUSH hukutana na jambo hili, na wengi hulimaliza kwa sentensi moja: alikuwa mtu wa wakati wake. Inasikika kama hekima. Mtahini anaweza hata kuipa alama.

Lakini wakati wake ulikuwa wa nani? Wale 600 pia waliishi wakati huo huo, na wao hawakuwa na shida yoyote ya kujua kwamba utumwa ni ubaya. Sally Hemings aliishi wakati huo huo, nyumbani mwa Jefferson, na leo hata taasisi inayotunza nyumba hiyo inakubali kwamba Jefferson alizaa naye watoto. Robert Carter, tajiri wa Virginia hiyo hiyo, mwaka 1791 alianza kuwaachilia huru watumwa wake karibu 500. Kwa hiyo "mtu wa wakati wake" ni namna ya kuwafuta watu wote wa wakati huo isipokuwa mabwana waliokubaliana. Ni utata unaopunguza watu. Na anayefaidika ni mmoja tu, yule mwenye jina kubwa.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na sina kingine cha kisomi zaidi. Baada ya "hata hivyo", hesabu: nani ameongezeka, na nani ametoroka?

Kipimo chenyewe kilijaribiwa mapema kuliko nilivyotaka. Tulikuwa tunasoma Boston. Tarehe 16 Desemba 1773, watu waliojifanya Mohawk ili wasijulikane walipanda meli tatu na kutupa baharini masanduku 342 ya chai ya Kampuni ya East India. Walikuwa wanakataa kutozwa kodi na bunge ambalo hawakulichagua. Kwenye vitabu vya shule ni mashujaa. Mwanafunzi wangu aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, hawa waliharibu mali ya watu, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na wale walioingia duka la shangazi yangu?"

Shangazi yake ana duka la nguo tao. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, maduka mengi ya katikati ya jiji yaliporwa, na lake likiwamo. Lilibaki na hanga na kioo kilichopasuka. Aliajiri wasichana watatu. Alibaki na mmoja.

Mimi nilikuwa tao siku ile nyingine, 25 Juni 2024. Nilikuwa miongoni mwa maelfu waliotembea kupinga Mswada wa Fedha, na nilisikia risasi kabla sijajua kwamba ni risasi. Waandamanaji waliingia Bungeni. Watu waliuawa. Jioni hiyo Rais alihutubia taifa na kuyaita mambo hayo uhaini. Kesho yake akasema hatatia saini mswada. Kwa hiyo nilikuwa na jibu tayari mdomoni kwa huyu msichana, na lilikuwa jibu la upande wangu. Na nilijua kwamba nyumbani kwao kuna jibu lingine tayari, la upande wao: pande zote mbili zilikosea.

"Pande zote mbili zilikosea." Sikiliza hiyo sentensi vizuri, maana ndiyo alama ya saba tuliyojipa kama taifa. Inasemwa kwenye redio asubuhi, inasemwa kanisani, inasemwa na watu wapole kabisa. Inachukua kijana aliyepigwa risasi na suruali iliyoibwa dukani, inaviweka kwenye mizani moja, kisha inatangaza kwamba mizani imetulia. Nani ameongezeka hapo? Hakuna. Nani ametoroka? Aliyefyatua, na aliyeamuru. Ametoroka pia aliyepora, kwa sababu kosa lake limefanywa kuwa la "upande", na upande hauwezi kushtakiwa wala kulipa fidia.

Lakini jibu langu la kwanza nalo halikuwa bora. Ningesema kwamba duka ni duka tu, vitu hununuliwa tena, mtu harudi. Ni kweli, mtu harudi. Ila ukilisema hilo mbele ya msichana ambaye shangazi yake amefuta kazi wasichana wawili, unafanya kile kile: unampunguza mtu mmoja kwenye insha ili hoja yako ipite. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunaupenda utata ukiwachoma wengine.

Basi tukarudi Boston tukaisoma pole pole. Kumbe George Washington mwenyewe hakuifurahia kazi ile ya kuharibu chai. Benjamin Franklin aliona kampuni ilipwe. Watu hao hao walikuja kuongoza vita vya uhuru, na hawakuona kwamba kukubali ubaya wa jambo moja kunafuta haki ya jambo zima. Tena tukaona tofauti: chai ile ilikuwa ya kampuni iliyopewa ukiritimba, na ukiritimba huo ulikuwa sehemu ya ugomvi wenyewe. Duka la shangazi halikuwa sehemu ya ugomvi wowote. Yeye mwenyewe alikuwa akiulalamikia ule mswada.

Mwanafunzi wangu aliandika sentensi ndefu, kisha akaifupisha, ikawa hivi: waliotupa chai walikuwa na haki ya kukataa kodi, na haki hiyo haikuwapa ruhusa juu ya kila kitu kilichokuwa bandarini. Nikamwambia sasa hiyo ni dai. Imebeba uzito pande mbili bila kuzifanya sawa.

Angalia pia mpangilio wa zile alama. Ya kwanza ni dai, ya mwisho ni utata. Walioupanga mwongozo ule wa kusahihisha huenda hawakuwa na nia ya kufundisha maadili, lakini mpangilio wao unafaa. Aliyesema jambo anaweza kulitatiza. Ambaye hajasema lolote hana cha kutatiza. Mtu anayeanza na "mambo ni magumu, kila mtu ana ukweli wake" amekimbilia alama ya saba akiwa hana ya kwanza, na mtahini makini atamnyima zote mbili.

Upande wa pili wa kipimo hiki unanihusu mimi na wenzangu, sisi tunaovaa fulana zenye picha ya Dedan Kimathi na kupiga selfi kwenye sanamu yake pale Kimathi Street. Ukitoka Nairobi kwa njia ya Limuru utapita mashamba ya chai ya Tigoni, mazuri hadi unataka kusimamisha gari. Familia za Kiafrika ziliondolewa Tigoni na serikali ya kikoloni kuwapisha wazungu, zikapewa ardhi Lari, mbele kidogo. Luka Wakahangara alikuwa miongoni mwa waliokubali kubadilishana. Waliokataa walipoteza. Chuki ikakaa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia Lari, wakazitia moto nyumba zikiwa na watu ndani. Luka aliuawa. Waliokufa walipita 70, wengi wao wanawake na watoto.

Hii hatukuifundishwa hivyo, na vile nayajua mambo ya mtandaoni, ukiitaja kuna mtu atakuuliza umelipwa na nani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na bado haijaisha. Baada ya mashambulizi hayo, askari na walinzi wa serikali waliingia na kuua watu kulipiza kisasi, wengi kuliko wale wa kwanza kwa maelezo ya wanahistoria waliochunguza. Serikali ya kikoloni iliwapeleka waandishi wa habari kupiga picha za mauaji ya kwanza, zikasambazwa duniani. Ya pili haikuyatangaza.

Tazama sasa namna mbili za kutatiza Lari. Ya kwanza inasema: Wakikuyu waliuana wenyewe kwa wenyewe, ukoloni ni hadithi ndefu, tusilaumu mtu. Imewaongeza akina nani? Hakuna, hata waliokufa hawana majina. Na imemtorosha aliyewahamisha watu Tigoni. Ya pili inasema: Lari ilikuwa na mauaji mawili, si moja, wapiganaji wetu waliwachoma watoto, serikali ikaua zaidi na ikaficha, na chanzo ni ardhi iliyochukuliwa kwa kalamu. Hapo wafu wote wameingia, na kila mhusika amebaki na lake. Lakini ona, namna hii ya pili inanigharimu. Inanibidi nivae ile fulana nikijua. Nadhani hiyo nayo ni dalili ya utata wa kweli: anayeusema hulipa kitu.

Kuna jambo moja la APUSH ambalo siwezi kulihamishia Kenya kirahisi, nalo ni zile nyaraka saba. Mtoto wa Marekani anapewa nyaraka. Za kwetu zilipandishwa ndege. Wakoloni walipokuwa wakiondoka walichoma mafaili mengi na mengine wakayasafirisha Uingereza. Yalifichwa Hanslope Park hadi mwaka 2011, serikali ya Uingereza ilipokiri kuwa nayo kwa sababu ya kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya waliotesewa kizuizini. Humo ndani wataalamu walikuta memo ya mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, ya 1957, iliyoshauri kwamba kama ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Kabla ya hapo waraka rasmi ulisema nini? Chukua Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Kama mtahini angekupa waraka huo tu, ungeandika insha safi kuhusu maji. Ndiyo maana ile alama ya sita, ya kuuliza nani amesema na anatafuta nini, si ufundi wa mtihani tu. Ni deni kwa wale ambao sauti zao hazikuingia kwenye faili.

Na tusidhani ni wazungu peke yao. Tume yetu wenyewe ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuunga mkono sura ya ardhi, wakilalamika kwamba ilibadilishwa kwa shinikizo. Aya zilizoguswa zilihusu ardhi na familia ya rais wa kwanza. Waliyoyaandika kupinga hayakuchapishwa ndani ya ripoti. Maskini mwanafunzi wa mwaka 2060 atakayepewa ripoti hiyo kama waraka namba tatu.

Kuna hoja dhidi yangu, na ni nzito. Mtu atasema: kazi ya historia ni kuelewa, si kuhukumu. Ukimfundisha mtoto wa miaka 17 kutafuta nani ametoroka, unamfanya mwendesha mashtaka, naye ataona washtakiwa kila mahali. Atasoma karne ya 18 kwa macho ya TikTok. Tena wewe ni nani, msee uliyeacha chuo, kulipwa doo kumfundisha mtoto wa watu hasira zako?

Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Kuelewa huja kwanza, na huchukua muda kuliko tunavyopenda. Sikuweza kuelewa Lari kabla ya kuelewa Tigoni, na nilipoelewa Tigoni sikuweza tena kumchukia Luka Wakahangara kama nilivyotaka. Alikuwa mzee aliyepewa machaguo mabaya na serikali iliyokuwa na bunduki. Lakini kuelewa huko hakukunizuia kusema kilichofanyika. Kulinisaidia kukisema kwa usahihi zaidi. Mama akimwelewa mwanawe kwa nini amegonga mtoto wa jirani, bado atamshika mkono wampeleke wakaombe msamaha. Anayekwambia kuelewa na kuhukumu haviwezi kukaa nyumba moja, muulize yeye analinda nani.

Kuhusu umri: mtoto wa miaka 17 nchini humu ameshahukumiwa tayari. Waliouawa Juni 2024 walikuwamo wa umri wake. Hawezi kungoja hadi awe profesa ndiyo aruhusiwe kusema kilichotokea Parliament Road. Anaweza tu kusema vizuri au vibaya, na nafuu nimsaidie kusema vizuri.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mtihani hauwezi kuona tofauti ninayoizungumzia. Mtahini husoma mamia ya insha. Utata wa kutorosha na utata wa kuongeza, ukiandikwa kwa Kiingereza safi, unaweza kupata alama ile ile. Siwezi kumwambia mwanafunzi wangu kwamba ukweli utamlipa Mei, na wazazi wake hawanilipi kwa sababu hiyo. Wananilipa ili apate tano.

Ninachofanya ni kidogo. Akimaliza insha, namwomba arudi kwenye "hata hivyo" yake na kuisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza awaze kwamba shangazi yake ameketi pale kwenye kochi. Mara ya pili awaze kwamba aliyeketi ni mama aliyeenda City Mortuary kumtambua mwanawe. Kama sentensi inaweza kusemwa mbele ya mmoja tu, anaiandika upya. Wakati mwingine anaiandika mara nne na saa yangu inaisha, natembea hadi stegi giza limeingia, na bado hatujafika karne ya 20.